Miwani gani uvae na helmeti ya uso mzima

Kutoka Magamba, juu ya Lushoto katika Milima ya Usambara, mpaka Mombo baiskeli hushuka zaidi ya mita 1,000, na macho hukutana na hali tatu zisizofanana. Juu msituni kuna ukungu, giza la miti na matone yanayodondoka kwenye majani hata kama mvua imekatika tangu usiku. Ukishapita Lushoto mjini ukashika vijia vya mashambani kuelekea Soni, unaingia kwenye udongo mwekundu na miti ya miwati. Watu hukata matawi ya kuni kwa panga, na kinachobaki ni ncha iliyochongoka usawa wa shavu lako. Chini kabisa kuna jua kali, vumbi la malori na mashamba ya mkonge, na kila jani la mkonge lina mwiba mweusi mgumu kwenye ncha.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Lushoto, na msimu ukifika naongoza wageni pamoja na vijana wetu kwenye njia hizo. Mtu akipata helmeti yake ya kwanza ya uso mzima, ile yenye taya linalokinga mpaka kidevuni, awe ameachiwa na mgeni au amejinyima akainunua, swali linalofuata ni la miwani. Jibu langu huwa fupi: njoo na helmeti. Miwani ya kuteremkia huwezi kuichagua ukiwa kichwa wazi, kwa sababu itakaa ndani ya dirisha la helmeti, yaani ule uwazi wa mbele ya macho, na dirisha hilo ndilo litakaloamua kama utaivaa njia nzima au utaipandisha kwenye paji la uso ukifika mpando wa kwanza, ukaisahau hukohuko.

Hilo la kuisahau ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Wengi ninaowaona wakiingiwa na kitu jichoni wanayo miwani, tena nzuri. Iko juu ya helmeti. Ilifunga ukungu wakati wa kupanda, wakaisogeza, mteremko ukaanza kabla hawajakumbuka. Kwa hiyo katika yote yanayofuata ninapima jambo moja tu: je, utaweza kukaa na miwani hii machoni tangu unaachia breki juu hadi unasimama chini?

Kinachotafuta jicho lako

Helmeti ya bodaboda ina kioo chake. Ya baiskeli ya milimani imeachwa wazi makusudi, maana mwendeshaji anahema kwa nguvu na kioo kilichoziba uso mzima kingejaa mvuke mara moja. Taya la helmeti litakuokoa meno ukianguka kifudifudi. Kokoto zinazorushwa na tairi la mwenzako aliye mbele halizizuii, wala wadudu, wala vumbi, wala upepo unaotoa machozi mpaka kijia kinakuwa michirizi mbele yako.

Kwangu mimi hatari kubwa ni majani na vijiti. Kijiti kikikwaruza konea, ile sehemu ang'avu ya mbele ya jicho, hata kama kidonda ni kidogo kiasi cha kutoonekana, kinaweza kuingiza fangasi, na kidonda cha fangasi kwenye konea ni kigumu kutibu. Kikipona vibaya kinaacha kovu jeupe, na kovu likiwa mbele ya mboni, mtu anaona kama kupitia karatasi ya mafuta. Huku kwetu hali huharibika zaidi kwa sababu ya haraka ya kutia dawa. Mmoja anakamulia majani, mwingine anakwenda duka la dawa anapewa matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, bila mtu kumtazama jicho. Majani yanaongeza uchafu juu ya kidonda, na steroidi inaweza kuyapa nguvu maambukizi ya fangasi. Ukichomwa au ukikwaruzwa jichoni na mmea, osha kwa maji safi mengi, usisugue, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaonwe na mtu wa macho. Kilichozama usikichomoe mwenyewe, wala jicho hilo usilimwagie maji wala kulikandamiza. Lifunike na kitu kigumu kisichogusa mboni, kama kitako cha kikombe cha karatasi, mpaka ufike. Kesi nzito za kanda hii hupelekwa hospitali ya KCMC Moshi, wenye idara kubwa ya macho.

Vumbi na jua navyo vina madhara yao, ila ya polepole. Kile kinyama kinachoota kutoka pembeni ya jicho kuelekea mboni kinawapata sana watu wanaoshinda juani, na huku karibu na ikweta, juu milimani, miale ya jua inayoumiza macho ni mikali hata siku ya mawingu.

Ya mkanda au ya mikono?

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni miwani ya mkanda, ile pana ya waendesha pikipiki za mashindano, yenye sponji kuzunguka uso na mkanda unaopita nje ya helmeti. Ya pili ni miwani ya kawaida ya michezo, yenye mikono inayoshika juu ya masikio.

Kwa helmeti ya uso mzima na mteremko wa kweli, mimi nachagua ya mkanda. Inaziba pande zote, haichezi kwenye mawe, na ukianguka mkanda unaishikilia isiruke. Tena mkanda uko nje, kwa hiyo hakuna kitu kigumu kinachokaa kati ya helmeti na mfupa wa kichwa. Miwani ya mikono inaacha mwanya chini na pembeni, na vumbi la Mombo halihitaji mwanya mkubwa.

Lakini sitaki uione miwani ya mikono kuwa haina kazi. Siku ambayo kupanda ni kwingi kuliko kushuka, kwa mfano ukitoka Lushoto kwenda Mtae kisha ukarudi, ya mkanda itakupikia uso. Siku kama hiyo, hasa ukiwa na helmeti nyepesi yenye matundu mengi au ile ambayo taya lake linatoka, miwani ya mikono ina nafasi yake. Tafuta yenye mikono iliyonyooka na myembamba. Iliyopinda kwa nyuma kama ndoana hugongana na mito ya mashavu ya helmeti, na baada ya nusu saa kichwa kinauma juu ya masikio. Vaa helmeti kwanza, ifunge, kisha ndipo uchomeke mikono ya miwani kati ya mto na kichwa. Ukivaa miwani kwanza, helmeti itaikunja au kuipandisha. Kama mfuko wako unaruhusu, beba zote mbili: ya mikono wakati wa kupanda, ya mkanda wakati wa kushuka. Wageni wenye uzoefu wengi hufanya hivyo, na ni utaratibu mzuri.

Jaribio la dukani, helmeti ikiwa kichwani

Hapa usiwe na haraka, na muuzaji asikuharakishe.

Vaa helmeti, funga mkanda wa kidevu kama unavyoufunga njiani. Shika miwani, ingiza fremu kwenye dirisha kutoka mbele mpaka sponji iguse uso, ishikilie kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uvute mkanda kuupeleka nyuma ya helmeti. Helmeti nyingi za aina hii zina mfereji au kishikizo cha mkanda kwa nyuma. Mkanda ulale humo bila kujiviringisha. Upande wa ndani wa mkanda uwe na mistari ya silikoni, maana bila hiyo utateleza juu ya ganda la helmeti kila unapotikisika.

Sasa pitisha kidole kuzunguka fremu. Fremu isiguse kingo za dirisha mahali popote. Ikigusa pembeni, ni pana mno kwa helmeti hiyo, na kila helmeti itakapotikisika miwani nayo itatikisika. Ikisukumwa kwa juu, kwenye paji, itashuka na kukubana pua. Fremu hutengenezwa kwa saizi mbalimbali: za watu wazima, za kati, za vijana. Mtu mzima mwenye uso mdogo asione haya kununua ya kati au ya kijana. Nimewavalisha wanawake na hata wanaume wembamba fremu za vijana na zimewakaa kuliko zile kubwa walizoletewa. Kwa upande mwingine, mwanya kati ya juu ya fremu na paji la helmeti uwe mdogo. Kidole kimoja si neno, ila vidole vitatu ni njia ya tawi.

Kisha pua, na hili watengenezaji wengi hawakutufikiria. Miwani nyingi zimekatwa kwa ajili ya pua nyembamba yenye mfupa ulionyanyuka katikati ya macho. Wengi wetu pua ni pana na sehemu ile ya juu iko chini zaidi. Miwani ya namna hiyo ikikaa usoni kwako inafanya moja kati ya mawili: inaacha vipenyo viwili kando ya pua, upepo na vumbi vinaingilia hapo moja kwa moja hadi machoni, au inabana matundu ya pua mpaka unalazimika kuhemea mdomoni. Ukihemea mdomoni, pumzi inagonga taya la helmeti, inapanda, na lenzi inafunga ukungu. Kulitambua ni rahisi. Funga macho, mwombe mwenzako akupepee na kipande cha boksi kutokea chini na pembeni. Ukisikia ubaridi kwenye kope, kuna mwanya. Kisha funga mdomo uvute pumzi kwa pua mara kadhaa. Ukiona tabu, weka chini ujaribu nyingine. Siku hizi zipo fremu zinazotengenezwa kwa ajili ya pua ya chini, zenye sponji nene zaidi pale katikati, na zinafaa kuulizwa kwa jina hilo. Kikinga pua cha plastiki kinachoning'inia kwenye baadhi ya miwani kiondoe ikiwa kinagusa taya la helmeti.

Halafu simama kama uko juu ya baiskeli, magoti yamekunjwa, mikono mbele. Tazama chini pale tairi la mbele lingekuwa bila kuinamisha kichwa, kisha kushoto na kulia pale usukani unapoishia. Ukiona fremu kuliko unavyoona dunia, haifai. Tikisa kichwa, ruka, fungua na kufunga mdomo kama unayetafuna, maana taya likisogea mito ya mashavu nayo husogea na kuisukuma miwani. Kaa nayo dakika 10 ukizungumza na muuzaji. Mahali panapoanza kuwasha au kubana dukani patakuwa jeraha ukifika Soni.

Usikaze mkanda kupita kiasi. Ukikaza mno, sponji inalala bapa, matundu ya hewa yanazibwa, na helmeti nayo inavutwa kutoka mahali pake. Unatakiwa uweze kuivuta fremu mbele kidogo kwa vidole viwili bila kutumia nguvu.

Dada zetu wanaovaa hijabu wana nafuu moja na miwani ya mkanda, kwa sababu mkanda unakaa nje. Chini ya helmeti vaa kile kitambaa chepesi kinachobana kichwa, kisicho na mkunjo mnene wala pini kwenye paji au juu ya masikio, na kisishuke hadi kwenye sponji. Sponji iguse ngozi.

Ukungu ndani ya lenzi

Ukungu hutokea mvuke wa jasho na pumzi unapogusa lenzi iliyo baridi kuliko mvuke huo. Unapotembea kasi, upepo unaufukuza. Unaposimama au kupanda polepole, unabaki humo. Ndiyo maana Magamba, miezi ya Juni hadi Agosti, asubuhi yenye baridi, watu hulalamika sana.

Kinachosaidia zaidi ni hewa kupita. Tazama sehemu ya juu ya fremu: matundu yake yalingane na matundu ya paji la helmeti, hewa iingie chini na kutokea juu. Fremu ambayo juu yake imegandana na paji la helmeti, hata kama ina matundu mengi kiasi gani, haitapumua. Sponji nayo ina aina zake. Yenye matundu makubwa inapumua vizuri lakini vumbi laini linapenya. Yenye matundu madogo inazuia vumbi na kubakiza joto. Kwa kiangazi chetu, wakati udongo mwekundu umesagika kama unga wa sembe, nachukua yenye matundu madogo, na upande wa usoni uwe na kitambaa laini cha kunyonya jasho. Sponji tupu ikilowa, jasho linachuruzika ndani ya macho.

Lenzi nyingi nzuri zina dawa ya kuzuia ukungu upande wa ndani. Dawa hiyo ni laini, hasa ikiwa imelowa. Ukisugua kwa fulana, umeiondoa. Gusisha tu kitambaa safi, kinyonye maji, basi. Kama lenzi yako haina dawa, tone dogo la sabuni ya maji ya vyombo lililopakwa kwa kidole na kupanguswa mpaka lisionekane linasaidia kwa safari moja, ila hakikisha halibaki la kuingia machoni na jasho.

Kuna pia lenzi za tabaka mbili zenye hewa katikati, mtindo wa miwani ya theluji. Kwenye ubaridi wa juu zinafanya kazi nzuri sana. Ukifika chini kwenye mkonge, joto lake ni la kukimbiwa, na nyingi hazitaki kuoshwa ovyo kwa sababu maji yakiingia kati ya tabaka hayatoki upesi.

Na ukifika mpando, ivue kabisa. Usiiweke kwenye paji. Paji ndipo jasho lilipo, joto linapanda hapo, na sponji itanyonya vyote viwili halafu uvirudishe machoni. Igeuze iende nyuma ya helmeti, lenzi ikitazama nyuma, au ivae kwenye mkono juu ya kiwiko. Ukifika kileleni, kabla ya kushusha kiti na kukagua breki, irudishe. Vijana ninaowafundisha wamezoea kuulizana kwa sauti kabla yeyote hajaachia breki: macho? Hakuna anayeanza kabla wote hawajaitika.

Rangi ya lenzi

Watu wengi huanza kuchagua hapa. Mimi ningeliweka jambo hili karibu na mwisho. Lenzi nyeusi yenye mng'ao wa dhahabu inapendeza sana stendi, na ndani ya msitu wa Magamba inakunyima kuona mzizi uliolowa mpaka uwe juu yake.

Viwango vya Ulaya vinagawa lenzi kwa namba 0 hadi 4, na mara nyingi namba hiyo imechapwa kwenye lenzi au kwenye boksi. Namba 0 inapitisha asilimia 80 ya mwanga au zaidi, 1 inapitisha 43 hadi 80, 2 inapitisha 18 hadi 43, 3 inapitisha 8 hadi 18, na 4 inapitisha 3 hadi 8 tu. Ya 4 haifai kuendeshea. Ya 3 ni ya mahali pa wazi juani. Kwa njia zetu, ambazo ndani ya dakika chache unatoka jua kali unaingia kivuli kizito, nasema nunua lenzi isiyo na rangi kwanza, kisha ya pili iwe ya namba 1 au 2, ya rangi ya waridi au ya njano iliyokolea. Rangi hizo zinasaidia kutofautisha shimo na kivuli kwenye ukungu na mwanga hafifu. Lenzi isiyo na rangi usiidharau kwa sababu ya jua: karibu zote zimetengenezwa kwa polikaboneti, na plastiki hiyo yenyewe inazuia sehemu kubwa ya miale inayoumiza macho. Weusi wa lenzi haukuambii chochote kuhusu kinga hiyo. Lenzi nyeusi ya bei ya chee isiyo na kinga inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kitu, kwa kuwa mboni inapanuka gizani na miale inaingia zaidi.

Lenzi zinazobadilika rangi zenyewe ni nzuri, ila zina mambo mawili. Zinachelewa: ukiingia kwenye miti kwa kasi, utakuwa umeshapita mizizi ya kwanza kabla hazijakuwa nyeupe. Na kwenye joto kali hazikolei kama zinavyokolea kwenye baridi. Zile zinazokata mng'ao wa maji, wanazozipenda wavuvi, sizipendekezi kwa kushuka, kwa sababu ule mng'ao juu ya jiwe ndio unaokuambia kwamba jiwe limelowa.

Alama za uimara

Kioo cha kweli usikiweke mbele ya jicho lako mlimani, hata kama ni cha miwani ya gharama. Lenzi iwe polikaboneti au plastiki nyingine ya kuhimili pigo, na kuwe na alama. Zifuatazo ndizo ninazozitafuta.

EN 1938 ni kiwango cha Ulaya cha miwani ya mkanda ya waendesha pikipiki, na miwani nyingi za baiskeli za mteremko zinakifuata. Ukikiona, umepata kitu kilichopimwa kwa kazi inayofanana na yako. EN 166 ni cha usalama kazini: herufi F karibu na alama ya mtengenezaji maana yake lenzi ilipigwa na gololi ya chuma ya milimita 6 kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde ikastahimili, na B ni mita 120 kwa sekunde. Kwa Marekani tafuta Z87+, na hiyo alama ya kujumlisha ndiyo inayosema imepimwa kwa pigo kali. Miwani isiyo na alama yoyote, yenye sifa za muuzaji tu, mimi siivalishi mtu.

Unayevaa miwani ya daktari

Usivue miwani yako ili uvae ya mkanda. Kutoona ni hatari kuliko vumbi. Kuna fremu zenye kina zaidi na mikato kwenye sponji ya pembeni kwa ajili ya kupitisha mikono ya miwani ya daktari; kwenye boksi huandikwa OTG. Jaribu ukiwa umevaa vyote vitatu, kwa mpangilio huu: helmeti, miwani ya daktari, kisha ya mkanda. Lenzi mbili zisigusane, na miwani ya ndani iwe ndogo na ya plastiki. Hesabu kwamba sasa una lenzi mbili za kufunga ukungu badala ya moja, kwa hiyo matundu ya hewa yawe ya kutosha kweli.

Zipo fremu ndogo za ndani zinazobandikwa nyuma ya lenzi na kuwekewa namba ya macho yako na fundi miwani. Ni suluhisho safi kama utazipata. Lenzi zinazovaliwa juu ya mboni zinafaa tu ukivaa miwani iliyoziba vizuri, na vumbi likiingia chini yake zitoe kwa mikono iliyooshwa. Beba maji kwa ajili hiyo.

Kama hela haitoshi

Njia nzuri kuliko zote kwa mfuko mwembamba ni duka la vifaa vya ujenzi. Miwani ya usalama yenye mikono, isiyo na rangi, yenye alama ya EN 166 F au Z87+, inauzwa kwa bei ambayo kijana wa kidato cha nne anaweza kuichanga. Chagua yenye mikono myembamba iliyonyooka, ijaribu ndani ya helmeti, na kwa vumbi tafuta ile yenye mpira au sponji kuzunguka kwa ndani. Ile ya mkanda ya mafundi wa kusaga chuma ina lenzi imara, lakini mara nyingi ni kubwa kuliko dirisha la helmeti na matundu yake ni machache. Kwenye mteremko mfupi itakutosha, ila usipande nayo.

Maduka ya vipuri vya pikipiki ya Tanga, Arusha na Kariakoo yana miwani ya mkanda ya waendesha pikipiki. Fremu nyingi zinaingia vizuri kwenye helmeti za baiskeli. Hakiki alama, kisha hakiki kama lenzi za akiba zinapatikana, maana fremu bila lenzi ya akiba ina maisha mafupi.

Mitumba ina miwani ya theluji, na mtu anaweza kudanganyika kwa jina zuri kwenye mkanda. Bonyeza sponji. Ikibaki imebonyea, ikinata au ikimomonyoka kama unga, imezeeka na itaishia machoni kwako. Nyoosha mkanda uone kama unarudi. Inua lenzi kuelekea mwanga: mikwaruzo ya pembeni haina neno, ya katikati irudishe rundoni.

Matope na utunzaji

Masika baadhi ya wageni hubandika karatasi nyembamba za plastiki juu ya lenzi na kuzivuta moja moja zinapochafuka. Naomba usifanye hivyo kwenye msitu wetu. Plastiki ile inabaki njiani, na pembezoni mwa msitu kuna mbuzi na ng'ombe wanaokula kila kitu. Kuna mfumo wa filamu inayozungushwa kutoka kikopo hadi kikopo pembeni ya fremu, kila kitu kinabaki kwako, na kwenye tope zito hakuna kinachoushinda. Usipokuwa nao, ukingo wa mbele wa helmeti ulioshushwa kidogo na kizuia tope juu ya tairi la mbele vinapunguza kazi kubwa.

Tope likikauka kwenye lenzi usilipanguse, ni mchanga huo. Mwagia maji mpaka litoke lenyewe, kisha kitambaa laini. Sponji ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikamue kwa kuibonyeza, ianike kivulini. Jua la dirishani au la kwenye dashibodi ya gari linaharibu gundi ya sponji na kupinda lenzi. Usiisafishe lenzi kwa spiriti wala petroli, kwa sababu polikaboneti hupata nyufa ndogondogo ambazo huzioni mpaka siku ya pigo.

Lenzi iliyopigwa na kokoto kubwa au iliyoanguka nawe vibaya, ibadilishe hata kama inaonekana nzima. Ya mikwaruzo ipime jioni: simama ukitazama upande wa jua linalokaribia kuzama, bila kulikodolea jua lenyewe, na kama kijia mbele yako kinapotea ndani ya mng'ao, muda wake umekwisha. Ile ya akiba iweke ndani ya soksi safi kwenye begi, mbali na funguo na mnyororo wa akiba.